Komeo la Bafuni

Kiti cha kwanza kilikwama mlangoni.

Kilikuwa kiti kizuri, na sisemi hivyo kwa sababu wanafunzi wangu ndio waliokitengeneza. Mbao zilipigwa msasa mpaka zikawa laini, mikono yake ilikuwa mipana ya kuegemea vizuri, na pale pa kukalia palitobolewa matundu ya kupitishia maji. Kilikuwa kiti cha kuogea, kwa ajili ya wazee ambao magoti yao yameshagoma kuchuchumaa. Wa kwanza kupelekewa alikuwa mstaafu wa posta. Alikikalia pale pale sebuleni, akaegemea, akatuombea heri. Kisha tukakibeba kwenda bafuni. Tukakigeuza ubavu, tukakigeuza miguu juu, mwanafunzi mmoja akapendekeza tukikate mguu. Mlango ulikuwa mwembamba na kiti kilikuwa kipana, hapakuwa na la kujadili.

"Acheni kikae sebuleni," alisema yule mzee kwa kutuonea huruma. "Nitakikalia nikisikiliza taarifa ya habari."

Kufikia mwisho wa juma, viti vyote tulivyogawa vilikuwa sebuleni. Kimoja kilikuwa kimewekewa chungu cha maua.

Somo langu linaitwa ujasiriamali wa kijamii, na wazazi wengi wanadhani nafundisha watoto wao kuuza pipi wakati wa mapumziko. Wakija kulalamika nawaeleza hivi: ni biashara inayoanzia kwenye shida ya jirani, siyo kwenye tamaa ya mwenye duka. Ila ni biashara kweli, ijiendeshe yenyewe, isiwe msaada wa kupigia picha. Mwenye uwezo analipia kiti chake, na faida inamtengenezea asiye na uwezo. Wazazi huitikia kwa kichwa, kisha huniuliza kama somo hilo limo kwenye mtihani wa taifa.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa nikawatazama mmoja mmoja.

"Nani alipima milango?"

Wakainamia madaftari.

"Nani alimwuliza mzee hata mmoja anaogaje?"

"Mwalimu, utamwulizaje mtu mzima anaogaje?" alisema msichana wa dawati la mbele. Wenzake wanamwita Redio, kwa sababu hakuna aliyewahi kupata mahali pa kumzimia. "Ni aibu."

"Aibu ni kiti cha kuogea kuwekewa maua."

Walicheka, na mimi nikageuka ubaoni nikaandika kwa herufi kubwa: ULIZA KWANZA, HALAFU NYAMAZA.

"Sikilizeni," nilisema. "Mnarudi kwenye nyumba hizo hizo. Mmoja anauliza, mmoja anaandika. Mwenye nyumba akianza kuzungumza, midomo ya wengine wote iko likizo. Humkatishi, humrekebishi, hujitetei. Neno 'lakini' ni marufuku mpaka mtoke nje ya geti. Na anayetengeneza lazima awepo, asikie kwa masikio yake, siyo aje kusimuliwa."

"Hata Fundi?" aliuliza Kiranja. Kiranja ni kijana mwenye miwani na sura ya mtu aliyezaliwa akiwa tayari mstaafu.

Chaki ilinikatikia mkononi. "Hata Fundi," nilisema.

Darasa zima likatazamana. Watoto wana pua.

Fundi ni seremala, mwenye karakana nyuma ya shule, na ndiye anayewafundisha wanafunzi wangu kushika msumeno bila kujikata. Ni mtu mrefu, mpole, anayeweka penseli sikioni kisha anaitafuta karakana nzima. Nampenda. Nasema wazi ili tusipotezeane muda. Nilimpenda tangu siku ya kwanza alipomwona Redio ameharibu ubao mzuri, akaugeuza upande wa pili na kumwambia, "Huu upande bado haujakasirika, anza hapa." Naye ananipenda, aliniambia kwa kinywa chake.

Matatizo yalikuwa kwenye ukoo. Shangazi yangu alisema mwalimu mzima siwezi kurudi nyumbani nikinukia maranda. Kaka yangu alipiga simu akauliza, "Wewe ukiolewa, Mama atabaki na nani? Mimi nina familia, unajua." Alisema hivyo kana kwamba mimi nina vikombe na sahani tu. Mama alianguka bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo mimi ndiye ninayeishi naye. Kwa hiyo jibu langu kwa kila mwanamume lilikuwa limeshaiva kabla hajauliza: siwezi kumwacha Mama.

Fundi alilisikia jibu hilo, akaenda zake kimya kimya. Nilidhani amelikubali. Kumbe alikwenda kuchanganya saruji.

Wiki moja kabla ya viti kukwama, alinichukua mpaka nyuma ya nyumba yake na kufungua mlango mpya uliokuwa bado unanukia rangi. Ndani kulikuwa na chumba cheupe, dirisha kubwa, na sakafu ya kukwaruza isiyoteleza.

"Cha nani?" nilimwuliza.

"Cha Mama."

"Mama yupi?"

"Mama yako. Ulisema huwezi kumwacha. Nikasema basi aje, tukae wote." Alikuwa anatabasamu, maskini, na mikono yake ilikuwa na chokaa mpaka kwenye viwiko.

"Umemwuliza?"

"Nilitaka ashtukie tu chumba kiko tayari."

"Fundi, yule ni mama yangu, siyo kabati. Huwezi kupima mahali ukasema atatosha hapa."

Tabasamu lilimtoka. "Na wewe je? Nikikuuliza wewe, utanijibu?"

"Nilishakujibu."

"Ulinijibu kabla sijauliza," alisema. "Nimejenga kwa kukisia kwa sababu wewe huuliziki. Kila nikifungua mdomo unamtaja Mama." Alifunga ule mlango taratibu, kwa namna anavyofunga milango yote. "Tumalize hivi viti. Vikiisha, wanafunzi nitawatafutia karakana ya mwenzangu mtaa wa pili. Siwezi kukuona kila siku na kujifanya tunazungumza habari za mbao."

Tangu siku hiyo tulizungumza habari za mbao, basi. Na viti vilikuwa vinaelekea kuisha.

Sasa, majina ya wazee tulipewa na zahanati, na Kiranja ndiye aliyekuwa akigawa nyumba kwa kila kundi. Jumatatu hiyo darasani alifika mwisho wa majina, akakohoa.

"Mwalimu, kuna bibi mmoja hakutembelewa mara ya kwanza. Yuko mtaa wenu." Akavua miwani, akaifuta. "Yuko nyumba yenu."

"Huyo mruke. Ya nyumbani kwangu nayajua."

"Umemwuliza?" alisema Redio.

Darasa likaguna kwa furaha. Maneno yalikuwa yangu na yalikuwa bado yako ubaoni, kwa hiyo nikamwambia Kiranja aandike Jumamosi.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Mama amejipamba. Alikuwa amejipaka poda, amejifunga shali anayoitunza kwa wageni, amekaa kwenye kochi lake na fimbo imelazwa kando.

"Mama, ni watoto wa shule tu."

"Wamesema wanakuja kuniuliza. Sijaulizwa kitu siku nyingi."

Redio na Kiranja waliingia wakiwa wamenyoosha sare zao kwa pasi. Nyuma yao aliinama Fundi, kwa sababu mlango wetu wa mbele ni mfupi kwake. Alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa nisimtazame, nimejiandaa kabisa tangu nilipoamka, na nikamtazama hata hivyo. Alikuwa amenyoa ndevu, akajikata kidogo chini ya sikio. Nilitamani kumgusa pale. Nikashika mgongo wa kiti badala yake.

"Shikamoo, Mama," alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye wa maranda."

"Ndiye mimi, Mama."

"Kaa pale mbali, usije ukanijengea kitu."

Masikio ya Fundi yalibadilika rangi. Mimi pia nilishtuka, kwa sababu habari za kile chumba sikuwa nimemwambia Mama. Nilifungua mdomo, na Kiranja akanyanyua kalamu yake kidogo, kwa heshima zote, kama mlinzi anayemwonyesha bosi wake kwamba hapa hapaegeshwi magari. Nilikaa. Yaani mimi niliketi kwenye kochi la upande mmoja, Fundi kwenye stuli ya upande wa pili, Mama na watoto katikati, na sheria yangu juu yetu sote.

"Bibi, tunaomba utuambie siku yako ikoje," alianza Redio. "Ukiamka unafanya nini?"

"Naamka, nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Mwalimu aamke. Nikishuka kitandani peke yangu ananigombeza. Kwa hiyo nalala macho wazi, natazama dari, mpaka aje kunishusha."

"Na ukishuka mwenyewe, unaweza?"

"Akienda kazini si nashuka? Hii nyonga imepona zamani. Kukiwa na baridi inanisema kidogo, basi."

Nilitaka kusema kwamba daktari alituonya. Nilikuwa na sentensi nzima, yenye tarehe ndani yake. Nikaimeza, na kumeza sentensi kavu ni kazi.

"Kitu gani ulikuwa unafanya mwenyewe, Bibi, na siku hizi hukifanyi?"

Mama hakufikiri hata kidogo. "Kufunga mlango."

Kiranja alisita kuandika. Redio akasogea mbele. "Mlango upi?"

"Wa bafuni. Nilipoanguka nilikuwa nimejifungia kwa komeo, ikabidi majirani wauvunje. Ulipotengenezwa, Mwalimu akasema komeo halirudi, ili nikianguka aingie haraka. Basi tangu hapo naoga mlango umerudishiwa tu. Yeye kasimama nje ananiita. Mama, uko salama? Mama, mbona kimya? Akienda kazini anamwagiza jirani yangu Mkunga apite kunichungulia. Nimezaa watoto wawili, nimemzika mume wangu, na leo hii najipaka sabuni huku naitika mahudhurio."

Redio aliuma midomo asicheke. Mimi sikuwa na haja ya kuuma chochote. Nililing'oa lile komeo kwa mkono wangu, nikajisifu kwa shangazi kwamba nimemwekea Mama usalama, na nikalitupia kwenye droo ya jikoni pamoja na betri zilizokufa. Niliona uso ukinichoma. Nikamtazama Fundi, nikitegemea kumwona anafurahia, kwani alikuwa na haki. Hakuwa anafurahia. Alikuwa ananitazama kwa namna ambayo mtu humtazama mwenzake waliyeanguka naye shimo moja.

"Ulimwambia, Bibi?" aliuliza Redio. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Hakuniuliza. Na mtu aliyejitoa kwako hivyo, utaanzia wapi kumlalamikia? Utaonekana huna shukrani."

"Na kinachokusumbua kuliko vyote ni kipi?"

Mama alinyoosha kidole. Hakukielekeza bafuni. "Huyo."

Nadhani nilisogea, kwa sababu kochi lililia.

"Alikuja wa kwanza," Mama aliendelea, akimwambia Redio kana kwamba mimi niko safarini. "Mtu wa benki, ana adabu zake. Akajibiwa, siwezi kumwacha Mama. Akaja mwenye duka la dawa. Siwezi kumwacha Mama. Sasa mtaa mzima unajua mimi ndiye ninayemzuia asiolewe. Wifi yangu akinisalimia ananilaumu kwanza. Mwanangu wa kiume ananipigia anasema, Mama, mdogo wangu amejitoa kwa ajili yako. Mimi sikumzuia mtu. Sikuulizwa. Nimefanywa kisingizio, ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Redio nilimfundisha mimi kwamba jibu zuri huulizwa swali jingine. Sikutegemea angekumbuka somo hilo siku hiyo.

"Kisingizio cha nini, Bibi?"

"Cha woga. Hapa anajua anahitajika. Ana funguo, ana dawa zangu, ana ratiba. Akienda kwa mume, itabidi apendwe tu, bila kazi ya kufanya. Hiyo ndiyo inayomtisha."

Mama hakusema kwa ukali. Alitamka kama mtu anayesoma bei iliyoandikwa kwenye bidhaa. Mimi niliangalia mikono yangu, na kwa muda sikuona kitu kingine. Ilikuwa kweli. Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu Fundi alikuwa ameisikia.

"Na huyu naye," alisema Mama, na fimbo ikamgeukia Fundi, "kanijengea chumba. Mkunga alikiona, ana jamaa yake huko nyuma. Anasema mlango mpana, sakafu haitelezi, dirisha la kupendeza. Mtu kanijengea chumba hajui hata kama napenda jua la asubuhi au la jioni. Moyo anao, sisemi hana. Ila ana haraka."

Fundi alipitisha mkono sikioni kutafuta penseli ambayo haikuwepo. Midomo yake ilifunguka, ikafumba. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona anateseka kwa kunyamaza, na nilimpenda zaidi kwa jinsi alivyoweza.

"Kama wangekuuliza, Bibi, ungejibu nini?"

"Ningesema mimi sihami. Hapa najua kila kokoto. Ningesema nataka hicho kiti chenu, maana magoti hayakunjiki, ila mkipunguze kifuani kama mnavyopunguza nguo. Nataka komeo langu lirudi. Na huyu nataka aende kwa mtu anayempenda, kisha aje kunitembelea akiwa mgeni. Abishe hodi. Nimpikie chai, akae, tucheke, aage, aende." Aliweka shali vizuri. "Na afanye upesi. Chumba chake nimeshamwahidi Mkunga."

Hapo nilisahau kuwa mwalimu. "Mama!"

"Mwalimu," alisema Kiranja kwa masikitiko, na akaandika kitu.

"Mkunga anaishi peke yake tangu watoto wake wahame, na mimi naishi na askari," Mama aliendelea bila kunitazama. "Tumeshapanga. Yeye ataleta kitanda, mimi nina jiko. Yeye anaona vizuri, mimi nasikia vizuri. Amezalisha nusu ya mji huu, hashindwi kuniokota mimi nikianguka. Tulikuwa tunangoja tu huyu aondoke, tukaona aibu kumfukuza."

Redio alishukuru kwa niaba ya darasa. Mama akawatazama wote wawili, yeye na Kiranja, halafu akatutazama sisi.

"Na hawa wamenyamaza kweli muda wote huu?"

"Ni sheria, Bibi," alisema Redio. "Mpaka tutoke nje ya geti."

"Ya nani?"

"Ya Mwalimu."

"Basi anafundisha vizuri," alisema Mama. "Mleteni tena wiki ijayo."

Ilibaki kupima mlango. Kiranja alibaki sebuleni na Mama, ambaye sasa alikuwa anataka kujua na yeye anaogaje, na Redio akawa anamsaidia kujibu. Fundi na mimi tukasimama kwenye ujia mwembamba mbele ya bafu. Alinipa ncha ya futi ya chuma niishike upande mmoja wa fremu. Vidole vyetu vikagusana, hakuna aliyeharakisha kuondoa.

"Hiki kiti kitapita," alisema taratibu, akisoma futi. "Tukikata mikono, kitapita."

"Sawa."

"Lile komeo ulilitupa?"

"Liko kwenye droo."

Nilikwenda kulileta. Lilikuwa na vumbi, na skrubu zake mbili zilikuwa bado zimo, kwa sababu Mama alinifundisha nisitupe skrubu. Nilimkabidhi Fundi bila neno. Alilipangusa kwa kidole, akalisukuma mbele na nyuma kulisikiliza, kisha badala ya kuanza kazi akarudi sebuleni nalo mkononi. Nilimfuata.

"Mama, naomba kukuuliza," alisema, na akachuchumaa ili wawe sawa kwa sawa. "Nikilirudisha hili, naweza kutoboa tundu dogo kwa nje. Ukijifungia ni umejifungia. Ila siku ukianguka, mtu wa nje ataingiza bisibisi alisukume. Unapenda hivyo, au hupendi?"

Mama alilitazama komeo, kisha akamtazama yeye, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama.

"Bisibisi itakaa na nani?"

"Utakayemtaja wewe."

"Na Mkunga," alisema Mama.

Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni. Jina langu halikutajwa, jambo hilo likanichoma, na palipochoma pakawa pepesi mara moja, kwa namna nisiyoweza kuieleza vizuri. Fundi alisema, "Itakuwa na Mkunga," na akaenda kufanya kazi.

Alipomaliza, Mama aliinuka mwenyewe. Nilinyoosha mkono nimshike, nikaurudisha. Alipita katikati yetu na fimbo yake, taulo begani, akaingia bafuni. Tulisikia komeo likisogea mahali pake. Likatolewa. Likasogea tena, kwa nguvu zaidi, kwa raha ya kusogezwa tu.

Tukabaki wawili kwenye ujia. Fundi alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mwalimu," alisema. "Naomba kukuuliza na wewe."

"Uliza."

"Unataka nini?"

"Lakini Kaka ata—"

"Bado hatujatoka nje ya geti," alisema.

Nilingoja aendelee, anisaidie, aniwekee maneno mdomoni kama zamani. Hakuendelea. Aliegemea ukuta, akanitazama, na akanyamaza kimya kile kile ninachowafundisha watoto: ukikinyamazia vizuri, mwenye jibu hulileta mwenyewe.

"Naogopa," nilisema. "Mama amesema kweli. Kwako sijui nitakuwa na kazi gani."

Alijipangusa vumbi kwenye nyusi.

"Nilikukasirikia kwa chumba kwa sababu ulinimalizia sababu zote. Ulipofungua ule mlango niliona hakuna kilichobaki cha kunizuia isipokuwa mimi."

Alijigusa chini ya sikio, pale alipojikata na wembe.

"Nataka kuolewa na wewe," nilisema. "Nataka karakana ibaki ile ile. Nataka niamke nikukute unatafuta penseli. Na kile chumba nakitaka mimi, niweke meza, nisahihishie madaftari. Kiwekwe komeo."

"La ndani au la nje?"

"La ndani."

Hapo ndipo alipotabasamu, na alipotabasamu alinishika mkono, kiganja kwa kiganja, vumbi na yote. "Na Kaka je?" aliuliza.

"Kaka namba yake ninayo mimi," ilisema sauti ya Mama kutoka ndani. "Shangazi pia. Hao niachieni."

Tuliganda kama wezi. Ndani, maji yalianza kumwagika kwenye ndoo. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kwa mazoea.

"Mama, uko salama?"

Maji yakanyamaza.

"Niko salama," alisema Mama. "Haya, ondokeni mlangoni kwangu."

Tukaondoka.